Tembo wa Nchi ya Baridi

Wasikilizaji wetu, sote twamjua tembo kwa masikio yake mapana. Si pambo hayo: damu ipitayo humo hupozwa na upepo, na mwili wote ukapata nafuu ya joto.

Alikuwako jamaa yake, aitwaye mamothi. Wazee wa ukoo wake walitoka papa hapa Afrika, wakaenea hata Siberia. Mwaka 1799 mwindaji mmoja aliuona mzoga wa mamothi karibu na mlango wa mto Lena, umegandamana na barafu. Mifupa yake sasa imo St. Petersburg. Mnyama huyo alikuwa na manyoya marefu na mafuta mazito chini ya ngozi, na masikio madogo mno, yasipoteze joto. Nasi twastaajabia zaidi damu yake: wataalamu walitambua mwaka 2010 kwamba iliweza kuugawia mwili oksijeni hata katika baridi kali.

Basi, baridi ile ilipopungua, nyika alizolisha ziligeuka misitu na vinamasi, na wanadamu nao walimwinda. Wa mwisho walisalia katika kisiwa cha Wrangel, kaskazini ya Siberia, hata yapata miaka 4,000 iliyopita. Wakati huo piramidi kubwa za Misri zilikuwa zimekwisha kujengwa.