Makumbi Chini ya Gunia

Baiskeli yangu mpya ilipofika nyumbani, Babu hakuuliza bei. Alishika usukani kwa mikono miwili, akaukandamiza chini kwa uzito wake wote. Shokapu ya mbele ikazama, ikapanda tena ikipumua. Akacheka. Kisha akazunguka nyuma, akatazama mahali ambapo keria ingekuwa, akaniuliza: "Sasa hii, mjukuu wangu, inabeba nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetoka nayo Mombasa asubuhi ile, nikavuka feri ya Likoni nimebanwa katikati ya watu na mikokoteni, nikapiga pedali hadi Ukunda, kisha kusini mpaka kwetu karibu na Msambweni. Kilomita kama 50. Nilikuwa nimelipa shilingi 18,000, pesa za makala nilizoandika kwa miezi saba baada ya kuacha chuo kwa sababu ya karo. Hesabu yangu ilikuwa fupi: nauli ya boda na matatu ilikuwa inakula karibu nusu ya kila malipo. Tena, tuseme ukweli, baiskeli ilikuwa noma. Tairi pana, gia 21, shokapu mbele. Nilijihisi mtu.

Swali la Babu ndilo lililonifanya nianze kusoma historia ya hicho kitu kinachodunda chini ya usukani. Kilitoka wapi? Kilitengenezewa nani? Na kwa nini sisi, watu wa barabara za mashimo, tulikuwa wa mwisho kukipata?

Anza na hewa. Baiskeli yenye magurudumu mawili sawa na cheni inayozungusha gurudumu la nyuma ilipata umbo tunalolijua mwaka 1885, John Kemp Starley alipotoa Rover kule Coventry, Uingereza. Ilikuwa na tairi za mpira mgumu usio na upepo, na kila jiwe lilipanda moja kwa moja hadi kwenye uti wa mgongo. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo Mskoti aliyeishi Belfast, akasajili hataza ya tairi ya upepo. Alikuwa ameanza kwa kumtengenezea mwanawe tairi za baiskeli yake ya magurudumu matatu. Hiyo tairi ndiyo iliyokuwa shokapu ya watu wengi: hewa iliyofungwa ndani ya mpira, ikipokea pigo kabla halijakufikia.

Ila mpira ulitoka wapi? Hapa hadithi tamu inachacha. Tairi za Dunlop na wenzake zilipoenea, dunia ilitaka mpira kuliko ilivyowahi kuutaka, na sehemu yake ilitolewa Kongo, iliyokuwa milki binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kuanzia 1885 hadi 1908. Wanakijiji walipangiwa kiasi cha kuleta kutoka msituni. Waliposhindwa, wake zao walishikwa mateka, vijiji vikachomwa, watu wakakatwa mikono. Mamilioni walikufa kwa mauaji, njaa na maradhi. Kwa hiyo, kabla baiskeli haijawa chombo cha kawaida cha mtu wa Afrika, starehe ya wapandaji wa London na Paris ilikuwa imeshalipiwa na Mwafrika. Nikijaza upepo asubuhi, hilo hunijia kichwani. Halafu naendelea kupampu, kwa sababu nina safari.

Huku kwetu baiskeli iliyotawala ni ile nzito, nyeusi, ya gia moja, tunayoiita Black Mamba. Asili yake ni baiskeli za Kiingereza kama Raleigh za Nottingham. Baadaye zikaja za India na China kwa umbo lilelile: magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma virefu badala ya waya, fremu inayoweza kuchomelewa na fundi yeyote mwenye mashine. Haina shokapu. Ina springi chini ya kiti tu. Na nyuma ina keria, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sehemu muhimu zaidi ya chombo kizima.

Juu ya keria ndiko uchumi ulikokaa. Mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, vijana walianza kubeba abiria na mizigo kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine, na neno boda boda likazaliwa. Pwani, keria ilibeba nazi, samaki, madumu ya maji, magunia ya makaa, watoto wa shule. Pikipiki zilikuja kwa wingi baadaye, hasa baada ya serikali kuondoa ushuru wa VAT kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008. Kabla ya hapo, neno "boda" lilimaanisha mapaja ya mtu.

Mamba ya Babu aliinunua akifanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Ramisi, kile kilichofungwa 1988 na kuacha vijiji vizima bila mshahara. Anasema alilipia kidogo kidogo, zaidi ya mwaka. Nilimjua Babu na baiskeli hiyo tangu utoto, na siku zote niliona gunia lililoshonwa juu ya keria, limejazwa makumbi ya nazi yaliyopondwa. Nilidhani ni la kuzuia mizigo isiteleze.

Siku ile ya baiskeli mpya, baada ya magharibi, ndipo aliponieleza.

Miaka ya 70 waliishi Ramisi. Nyanya alikuwa na mimba ya kwanza, na usiku mmoja uchungu ukamwanza kabla ya wakati. Gari hakukuwa. Babu akampakia kwenye keria, chuma kitupu na leso iliyokunjwa, wakashika njia ya kwenda hospitali ya Msambweni, kilomita zaidi ya 10 gizani. Njia ilikuwa ya mashimo na mizizi. Anasema alijaribu kwenda polepole, Nyanya akalia kwamba wachelewa. Alipoenda mbio, akalia kwa sababu nyingine. Walifika, lakini mtoto alikuwa ameshaondoka.

"Nani alisema ni barabara?" nilimuuliza.

"Hakuna aliyesema. Wala nyanyako hajasema mpaka leo." Akanyamaza. "Lakini wiki iliyofuata niliponda makumbi, nikashona gunia."

Mama yangu alipozaliwa, Nyanya alienda hospitali kwenye baiskeli ileile, juu ya makumbi. Sijui kama makumbi yalisaidia, na hakuna daktari atakayenihakikishia. Najua tu kwamba ndiyo shokapu ya kwanza katika ukoo wetu, na kwamba iliwekwa nyuma, kwa abiria.

Sasa linganisha na upande wa pili wa dunia, miaka hiyohiyo. Katika kaunti ya Marin, California, vijana walikuwa wakiokota baiskeli kuukuu, nyingi za kampuni ya Schwinn, nzito kama Mamba, na kuteremka nazo milimani. Tarehe 21 Oktoba 1976 walianza mashindano kwenye njia moja karibu na mji wa Fairfax. Waliiita Repack, kwa sababu breki za kwenye habu zilichemka hadi grisi ikaungua, na ukifika chini ilibidi upake grisi upya. Mwaka 1977 Joe Breeze akaunda fremu mpya kwa ajili ya mchezo huo. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakaanzisha biashara ya kuuza baiskeli za mlima, wakitumia fremu za Tom Ritchey. Mwaka 1981 Specialized ikaleta Stumpjumper, iliyotengenezwa kwa wingi Japani, na mchezo wa marafiki ukawa bidhaa ya dukani.

Hata hizo hazikuwa na shokapu. Hiyo ililetwa na Paul Turner, mtu aliyekuwa fundi wa pikipiki za mashindano. Mwaka 1989 RockShox, kampuni yake, ilianza kuuza RS-1, foki yenye hewa na oili ndani, inayozama sentimita kama 5 tu. Wengi waliicheka kwamba ni uzito wa bure. Mwaka 1990, katika mashindano ya kwanza rasmi ya dunia kule Durango, Colorado, Greg Herbold akashinda mteremko akiwa juu yake. Kicheko kikaisha.

Unaona tofauti? Kote kuwili watu walichukua baiskeli nzito ya kizamani wakaipeleka mahali ambapo haikuundiwa. Wale wa Marin walikuwa na mlima, wikendi, na karakana zenye vifaa. Babu alikuwa na usiku mmoja, na nazi. Uvumbuzi wa Marin ulipata kiwanda. Wa Babu ulipata gunia. Na kwa kuwa shokapu ilibuniwa kwa mtu anayeteremka peke yake, ilikaa chini ya mikono yake yeye. Abiria hakuwepo kwenye mchoro.

Sisemi kwamba baiskeli ya mlima ni ya wenyewe na si yetu. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kushinda Tour de France mara nne kuanzia 2013, alifunzwa akiwa kijana na David Kinjah, pale Kikuyu, wakipanda baiskeli za mlima kwenye njia za vumbi. Na hapa Kwale kuna kichekesho chake: kuanzia mwisho wa 2013 hadi Desemba 2024, Base Titanium ilichimba mchanga wa madini nyuma ya vijiji vyetu na kuusafirisha kwa meli kutoka Likoni. Ukisikia titani unafikiria fremu za bei ya gari. Kumbe sehemu kubwa ya madini ya titani duniani huishia kuwa unga mweupe wa kutengenezea rangi. Pengine kitu pekee cha Kwale kwenye baiskeli yangu ni yale maandishi meupe ubavuni.

Tena shokapu yenyewe ilinifunza adabu. Mwezi wa kwanza niliendesha ufukweni Diani maji yakikupwa, mchanga mgumu kama lami, nikijipiga picha. Mwezi wa nne foki iligoma. Ikizama hairudi, ikirudi inagonga. Nikaipeleka kwa fundi Ukunda. Alipoifungua, ndani hamkuwa na hewa wala oili. Kulikuwa na springi moja, plastiki mbili, na grisi iliyokauka ikachanganyika na chumvi na kutu rangi ya chai.

"Kijana," aliniambia, "wewe umenunua picha ya shokapu."

Ilinichoma, lakini alikuwa sahihi, na alinipa darasa ambalo chuo hakikunipa. Nakupa bure. Ukienda kununua, shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma: foki ikicheza, achana nayo. Pitisha ukucha kwenye zile bomba zinazong'aa: ukikwama kwenye mkwaruzo, sili itakatika na vumbi litaingia. Kandamiza kisha uachie: irudi kwa utulivu, isiruke wala isigonge. Uliza kama ni ya hewa au ya springi. Ya hewa unaijaza kulingana na uzito wako, kwa pampu yake maalumu, hadi ukikaa izame kama robo ya safari yake. Ya springi nafuu haina mambo mengi, lakini ni nzito. Kwa bei niliyolipa mimi, bora foki ngumu nzuri kuliko shokapu mbovu. Mitumba ya kampuni inayojulikana inaweza kuzidi mpya isiyo na jina.

Na utunzaji? Viwanda vingi husema mguu wa chini wa foki ufunguliwe kila baada ya saa 50 za kuendesha, usafishwe, uwekwe oili mpya. Hapo hawakufikiria Bahari ya Hindi. Kwetu, ukipita karibu na maji ya chumvi, osha kwa maji baridi siku hiyohiyo, polepole, usitumie mashine ya car wash inayosukuma maji ndani ya sili. Futa bomba kwa kitambaa kila jioni. Mafuta ya taa yanasafisha chuma, lakini yanaweza kuharibu mpira wa sili. Hapo tumia sabuni na maji. Halafu grisi ya foki, si ile ya cheni.

Fundi alibadilisha plastiki kwa vipande alivyotoa kwenye foki nyingine kuukuu, akasugua kutu, akapaka grisi. Ikapona, si sana. Kabla sijaondoka nilimwomba kitu kimoja zaidi. Alinitazama kama nimerukwa na akili, kwa sababu baiskeli za aina hii mtu hujipunguzia uzito, hajiongezei. Lakini fremu yangu ilikuwa na matundu mawili nyuma, karibu na ekseli, ambayo sikuwa nimewahi kujiuliza kazi yake. Akafunga keria.

Niliporudi, Babu alikuwa barazani. Hakusema neno. Alienda nyuma ya nyumba, akarudi na makumbi matatu makavu na nyundo, akayatupa miguuni pangu.

"Ponda vizuri," alisema. "Gunia nitashona mimi."