Kukamata ni Jambo Moja, Kuthibitisha ni Jingine

Mwishoni mwa mwaka 2014 moto ulizuka katika nyumba moja mtaani Runda, jijini Nairobi, na mtu mmoja akapoteza maisha. Polisi wa jirani zetu wa Kenya walikuta humo vyombo vya mawasiliano, na wageni 77 wakatiwa mbaroni kwa tuhuma za uhalifu wa mtandaoni. Lakini mwezi Aprili 2016 mahakama iliwaachilia huru washtakiwa kadhaa, na hatimaye wakaondoshwa nchini.

Historia ya jambo hili ilianza kabla ya moto huo. Huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa nchini Kenya mwezi Machi 2007, fedha ziliingia katika simu ya mkulima na ya mchuuzi, na wezi nao wakazifuata huko huko. Aliyeibiwa hakuwaendea mabingwa wa makao makuu. Alikwenda kituo cha polisi kilicho karibu naye.

Mwaka 2009 Sheria ya Ushahidi ya Kenya ilirekebishwa ili kumbukumbu za kompyuta zipokelewe mahakamani, kwa sharti la kuambatana na hati ya uthibitisho. Mwaka 2018 ikafuata sheria kamili ya makosa ya kompyuta. Tanzania ilikuwa imetunga yake mwaka 2015.

Hata hivyo, sheria haijitekelezi yenyewe. Hatima ya kesi imo mikononi mwa askari wa kwanza kufika. Ni lazima afunzwe kwamba kompyuta iliyozimwa haiwashwi, kwani kuiwasha hubadilisha yaliyomo. Na kwamba simu iliyo hai hutengwa na mtandao, isije ikafutwa kutoka mbali. Mpelelezi naye huchunguza nakala ya diski, wala si diski yenyewe. Kila anayekipokea kielelezo hutia saini, tarehe na saa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ushahidi nao ni vivyo hivyo.

Mafunzo hayo hayamnasi mhalifu tu, bali humkinga pia raia asiye na hatia, ambaye jina lake limetumiwa kusajili laini ya simu asiyoijua. Mwizi wa mtandaoni havuki mpaka kwa miguu. Basi ni wajibu wa askari wa pande zote mbili za mpaka kuwa na ujuzi ulio sawa, ili ushahidi uliokusanywa upande mmoja usikataliwe upande wa pili.