Farasi wa hatua ya nane

Wadau, leo tuweke msimbo kando kidogo tuongee sataranji, au chesi kama wengi tunavyoiita. Mwenye seti ya mawe ya Tabaka aitoe kabatini (sisi wa Nyamira tunazinunua Kisii mjini) aifuate mechi hii nami. Ila msogeze farasi polepole. Mawe yale ni laini na masikio hukatika upesi.

Ni mechi ya sita kati ya Garry Kasparov, bingwa wa dunia, na Deep Blue, tarakilishi ya IBM, jijini New York tarehe 11 Mei 1997. Walikuwa sare, pointi 2.5 kila upande. Kasparov alikuwa na kete nyeusi, akafungua kwa Caro-Kann: nyeupe e4, yeye c6, nyeupe d4, yeye d5. Ni ufunguzi wa mtu anayejenga boma kwanza. Katika hatua ya saba akasukuma askari hadi h6 amfukuze farasi aliyesimama g5. Farasi hakurudi. Alimla askari wa e6, akajitoa kafara. Tangu hapo mfalme mweusi hakupata pa kujificha, malkia wake akapotea, na baada ya hatua 19 Kasparov akasalimu amri.

Deep Blue ilipitia nafasi kama milioni 200 kwa sekunde, kwa hivyo mpaka leo utasikia kwamba iliiona kafara ile kwa kuhesabu. Haikuhesabu! Hatua hiyo ilitoka katika kitabu cha ufunguzi, yaani jedwali la hatua ambazo mabingwa kama Joel Benjamin na Miguel Illescas waliiwekea mapema. Mwaka 2009 Illescas alisimulia kwamba hiyo waliiingiza asubuhi ileile. Programu ilisoma tu mstari ulioandikwa na binadamu. Kasparov naye hakuwa mjinga: programu za enzi zile zilipenda sana kete, na ukiziachia zihesabu zenyewe, mara nyingi zilimrudisha farasi nyuma.

Kitabu kilipoisha mashine ilihesabu yenyewe, na hapo siinyimi sifa. Lakini hatua inayosifiwa kuliko zote ilikuwa data, si algorithimu, na waandishi wengi wa teknolojia hulipita jambo hili kimya.

Matokeo yakawa 3.5 kwa 2.5. Kasparov aliomba marudiano; IBM ilikataa, ikaistaafisha Deep Blue.