Nyaya za Unguja na Suala la Kitovu

Suala la kuamua kama mitambo ya pembezoni isimamiwe kutoka kitovu cha mbali au ijiendeshe yenyewe, ambalo leo huwakabili wahandisi wa seva zinazowekwa karibu na watumiaji, Unguja ililikabili tangu zama za nyaya. Telegrafu, yaani upelekaji wa habari kwa ishara za umeme, iliingia mwaka 1879 kwa waya wa baharini uliotoka Aden.

Funzo zito zaidi la kutegemea kitovu cha mbali lilitokana na umeme. Kuanzia 1980 kisiwa kilitegemea waya mmoja uliolazwa baharini kutoka Ras Kiromoni, upande wa bara, hadi Fumba kisiwani, uamuzi wenye busara kwa upande wa gharama, kwani majenereta ya dizeli ni ghali kuyaendesha. Lakini njia hiyo ilipopata hitilafu Mei 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, Mji Mkongwe na mashamba viliingia gizani, pampu za maji zikasimama, na wenye hoteli wakawa, kwa lazima tu, wazalishaji wa umeme. Waya wa megawati 100 uliozinduliwa 2013 uliongeza uwezo zaidi kuliko ulivyobadili mpangilio huo wa kutegemea bara. Kisiwa jirani cha Pemba nacho kiliunganishwa na umeme wa bara 2010, moja kwa moja kutoka Tanga, bila kupitia Unguja.