Mtumbwi, Saa na Rangi za Mafuta: Historia Fupi ya Somo Lililocheleweshwa

Utangulizi

Mtu akisema mjini Bukavu kwamba fulani 'anapaka mtumbwi rangi', msikilizaji huelewa kwanza kuwa mtumbwi umepandishwa ufukoni na fundi anaufunika kwa rangi ili maji yasiuozeshe. Anayetaka kusema kwamba mtumbwi huo umetiwa katika picha hana budi kutumia kitenzi kingine, yaani 'kuchora', ambacho maana yake ya kale ni kukata alama kwa ncha. Kupaka ni kazi ya brashi, nako kuchora ni kazi ya ncha. Kazi ya kuketi ufukoni, kuutazama mtumbwi uliopo mbele ya macho, na kuuunda juu ya kitambaa kwa brashi na rangi za mafuta, haina kitenzi chake yenyewe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba pengo hilo la msamiati lina historia. Wachoraji wa Kongo ya mashariki na wa nchi jirani hawakukosa macho wala mikono. Wengi wao walifundishwa katika shule ambazo walimu wake waliamua kwa makusudi kutowapa somo hilo.

Somo lenyewe

Rangi za mafuta hupatikana kwa kusaga unga wa rangi pamoja na mafuta ya mbegu za kitani. Kwa karne nyingi wachoraji wa Ulaya walizitumia hasa ndani ya karakana, kwani zilihifadhiwa katika vibofu vya nguruwe, ambavyo vilipasuka upesi na kuacha rangi ikauke. Mwaka 1841 mchoraji wa Kimarekani aliyeishi London, John Goffe Rand, alipata hataza ya tyubu ya bati inayofungwa kwa kifuniko. Tangu hapo mchoraji aliweza kubeba rangi zake hadi ufukoni. Mjini Le Havre, yapata mwaka 1858, Eugène Boudin, mtoto wa baharia, alimchukua kijana Claude Monet na kumfundisha kufanya kazi nje. Katika miaka ya 1870 Monet aligeuza mashua kuwa karakana na kuchora juu ya mto Seine.

Mwanafunzi wa kazi hii hujifunza mambo machache yaliyo magumu. Huanza na mafungu makubwa ya mwanga na giza kabla ya kugusa kafi au kamba. Hutanguliza rangi nyepesi iliyozimuliwa kwa tapentaini, na kuweka juu yake ile yenye mafuta mengi, ili picha isipasuke baadaye. Hukubali kwamba mtumbwi uliofungwa kwa kamba moja hugeuka kila upepo unapogeuka, na kwamba kivuli kilichokuwa kushoto kitahama kabla kazi haijaisha. Kwa hiyo picha iliyochorwa nje hubeba saa yake. Anayeitazama anaweza kusema kama ni asubuhi au alasiri, kama mvua inakuja au imekwisha pita.

Bukavu ingestahili kuwa mahali pa somo hilo. Mji umejengwa juu ya rasi zinazoingia katika ziwa Kivu kama vidole, karibu na mahali mto Ruzizi unapotoka ziwani. Wavuvi wa sambaza huunganisha mitumbwi miwili au mitatu kwa miti mirefu, huondoka jioni wakiwa na taa, na kurejea alfajiri. Chombo hicho, pamoja na miti yake iliyochomoza mbele na nyuma, ni mtihani mzuri kwa jicho la anayejifunza.

Shule na makatazo yake

Hata hivyo, shule za uchoraji za enzi ya ukoloni zilizojulikana zaidi ziliwekwa kwingine, na mafunzo yao ndiyo yaliyoweka kawaida ya fani. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, karakana iliyoitwa Le Hangar. Wanafunzi wake mashuhuri walikuwa Bela Sara, aliyepaka rangi kwa ncha za vidole, Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga. Mwalimu huyo hakutaka waige picha za Ulaya, wala hakuwafundisha sheria za mtazamo wa karibu na mbali. Matokeo yake yalikuwa picha za kupendeza sana: samaki, ndege, nyoka na majani yaliyojaa ukurasa mzima. Lakini aghalabu picha hizo hazina upeo wa macho. Samaki wamo, ila saa haimo.

Upande wa mashariki, huko Makerere, Margaret Trowell alianza kufundisha mwaka 1937. Mbinu yake iliyosifika ilikuwa kuwaeleza wanafunzi tukio kwa maneno, kisha wao kulichora jinsi walivyoliona moyoni. Sam Ntiro wa Machame, aliyefariki mwaka 1993, aliendelea kuchora maisha ya Wachaga kwa njia ya kumbukumbu hata baada ya kusoma London.

Haifai kuwahukumu walimu hawa kwa haraka. Wote wawili walichelea kwamba masomo ya Ulaya yangeua kipaji cha wenyeji, na hofu hiyo ilikuwa na heshima ndani yake. Ila heshima hiyo ilikuwa na dharau pia, kwa sababu mwalimu alimwamulia mwanafunzi kile asichopaswa kukijua. Mzungu aliyesimama ufukoni na sanduku la rangi alihesabiwa kuwa shahidi wa mahali pale. Mwafrika aliyezaliwa papo hapo alitakiwa kuwa hazina ya ndoto. Masomo ya kitaaluma yalifika baadaye: Laurent Moonens alianzisha chuo cha sanaa Elisabethville mwaka 1951, na Cecil Todd akabadili mafunzo ya Makerere baada ya Trowell kuondoka mwaka 1958.

Ukumbusho na ushahidi

Waliokosa shule hizo walijifunza kwa njia ya ufundi. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao. Wachoraji wa Shaba walitumia magunia ya unga. Johannes Fabian, aliyefanya utafiti kati yao katika miaka ya 1970, alionyesha kuwa walipima thamani ya picha kwa neno moja la Kiswahili: 'ukumbusho'. Picha njema ni ile inayomfanya mtazamaji akumbuke na kusimulia. Kwa msingi huo Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya nchi yake. Hivyo kumbukumbu, iliyodhaniwa kuwa ndoto tu, iligeuzwa kuwa hoja.

Lakini ukumbusho bila kutazama una hatari yake. Katika Kongo picha ya mvuvi mmoja ndani ya mtumbwi wakati wa machweo imekuwa bidhaa ya kuuziwa wageni. Maji yake ni mekundu daima, na mtumbwi hauna mzigo wala abiria. Vyombo vya Kivu havipo hivyo. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku mjini Goma, watu waliokuwa ufukoni wakiiona, na makumi ya abiria wakapoteza maisha. Mtumbwi wa machweo hauwezi kuwakumbuka watu hao, kwa kuwa aliyeuchora hakutazama chombo chochote.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba kutazama na kukumbuka vilitenganishwa na shule, si na asili ya wachoraji. Kujifunza leo kuchora mitumbwi nje kwa rangi za mafuta si kurudi kwa Wazungu, bali ni kudai sehemu ya somo iliyozuiliwa. Mwanafunzi wa Bukavu atakayehesabu miti ya chombo cha sambaza, akatambua kina cha kuzama kwake kutokana na uzito wa mzigo, na kuitia saa ya alfajiri katika picha yake, atakuwa ameupa ukumbusho nguvu ya ushahidi. Huenda siku hiyo Kiswahili nacho kikapata kitenzi kinachokosekana.