Mgeni Analizwa Wapi na Anachekeshwa Wapi

Mgeni anayefika Unguja kwa siku tatu au nne hupitishwa njia ile ile waliyopitishwa wenzake waliomtangulia. Asubuhi moja hupakiwa mashuani akavushwa hadi Changuu kutazama kobe. Jioni hutembezwa katika vichochoro vya Mji Mkongwe, akaishia Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Kianglikana. Siku ya pili hutiwa garini akapelekwa kwenye mashamba ya viungo, Kizimbani au Kidichi, akanuse mdalasini na kuvishwa kofia ya makuti. Akibakiwa na wakati hupelekwa Kizimkazi kuwafukuzia pomboo. Msikiti wa Dimbani, ambao maandishi ya Kikufi yaliyo kiblani mwake yanataja mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 wa Miladi, uko karibu na hapo wanapopandia mashua, na wengi huupita bila ya kuuangalia.

Njia hii haikupangwa na baraza la wataalamu. Imejipanga yenyewe, kwa biashara na mazoea. Lakini kila kituo kina maneno yake yanayosemwa, na maneno hayo, kwa kukaririwa kila siku, yameshakuwa historia ya pili ya kisiwa, na watoto wetu huisikia mapema kuliko ile ya skuli. Ndiyo maana yafaa kuyasikiliza kwa makini: ni nini kinachosemwa, na wapi.

Changuu hatutakaa sana, kwani kosa lake ni jepesi. Sisi tunakiita kwa jina la samaki, changu, anayepatikana kwa wingi katika maji yake. Wageni huambiwa kuwa ni Kisiwa cha Jela. Ni kweli kwamba jela ilijengwa: Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya Sultani, alikinunua kisiwa hicho mwaka 1893 na mwaka uliofuata majengo yakasimamishwa. Hakufungwa mtu. Majengo yaligeuzwa kuwa karantini, na waliozuiliwa ndani yake walikuwa abiria wa vyombo vilivyoshukiwa kuleta maradhi, wakisubiri siku zao zitimie ndipo waruhusiwe kuingia mjini. Kobe wenyewe ni wageni vilevile, asili yao ni Shelisheli, waliletwa mwaka 1919. Kwa hiyo jela ambayo haikufunga mtu ndiyo iliyokipa kisiwa jina lake la biashara, na karantini, ambayo ina visa vya kweli vya baharia na mahujaji na wafanyabiashara, haina anayeitaja ila kwa kupita. Hapa hapana aliyeumia. Ni jina tu.

Mkunazini jambo ni jingine.

Soko la watumwa lilikuwapo pale, na hili halina shaka. Palikuwa uwanja wa wazi, na mnada ulikuwa ukifanyika hadharani mbele ya macho ya mji mzima. Wengi wa waliouzwa walitoka bara ya kusini, nchi zilizozunguka Ziwa Nyasa na zile zilizo baina yake na pwani, wakashushwa Kilwa na kupakiwa majahazini kuletwa Unguja. Walipofika walilipiwa ushuru kama bidhaa nyingine. Mwezi Juni 1873, baada ya Waingereza kumshurutisha kwa vitisho vya manuwari, Seyyid Barghash alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kuyafunga masoko yao. Misheni ya UMCA, ambayo ilikuwa imehamia Unguja tangu 1864, ilijipatia kiwanja hicho, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka huo huo. Aliyelisimamia jengo hilo alikuwa Edward Steere, ambaye sisi watu wa lugha tunamjua kwa kazi nyingine: ndiye aliyekusanya hadithi za Waunguja na kuzichapisha mwaka 1870, na ndiye aliyeandika kitabu cha sarufi kilichowafunza Kiswahili wazungu wengi wa karne ile. Alifariki mwaka 1882 na kaburi lake liko nyuma ya madhabahu.

Mpaka hapo mtembeza wageni yuko katika haki. Kisha humchukua mgeni wake kwenye jengo la jirani, akamteremsha ngazi, akamwingiza katika vyumba viwili vya chini, vyenye dari la kuinamia na vidirisha vyembamba kama mkato wa kisu. Humo kuna minyororo. Humwambia: hapa walirundikwa watu makumi kwa makumi, wakingojea kuuzwa. Mgeni hunyamaza. Wengine hulia, nami nimewaona wakitoka wamefunika nyuso zao.

Jengo lile lilijengwa na misheni yenyewe, kwa ajili ya hospitali yake, baada ya soko kufungwa na kanisa kusimama. Vyumba vya chini ni vya hospitali. Wanahistoria wa hapa hapa wameshalieleza hili kwa miaka mingi, kwa kauli na kwa maandishi, na hata bila ya wao mtu anaweza kujiuliza: misheni iliyokuja kuufuta utumwa ingejengaje nyumba ya kisasa juu ya vyumba vya dalali wa watumwa ikaviacha salama na madirisha yake?

Najua nitakaloambiwa. Nitaambiwa: kuna ubaya gani? Utumwa ulikuwapo, mateso yalikuwapo, na mgeni anahitaji mahali pa kusimama apate kuyafikiri. Sanamu za simenti zilizo uani, watu watano wamesimama shimoni na mnyororo shingoni, nazo zimefanywa mwishoni mwa miaka ya 1990 na msanii wa Sweden, na hakuna anayelalamika. Jibu langu ni kwamba sanamu haidai kuwa ni ushahidi. Chumba kinadai. Na hapa kwetu wako watu, si wachache, wanaotaka kuamini kwamba hadithi nzima ya utumwa ilitungwa na wamisionari na kukuzwa na wanasiasa wa baada ya 1964. Kwamba watumwa wa Unguja waliishi kama watoto wa nyumbani na hapakuwa na zaidi. Mtu wa namna hiyo akijua kuwa vyumba vya Mkunazini ni ghala la hospitali, hasemi kuwa mtembeza wageni amekosea. Husema: mmeona? Yote ni uongo. Wale waliouzwa pale uwanjani wamekwisha kudhulumiwa mara moja. Tukiwawekea shahidi wa uongo, tumewadhulumu mara ya pili.

Mwenye kutaka chumba cha kweli kipo Mangapwani, kiasi cha kilomita 20 kaskazini ya mji. Kimechimbwa katika mwamba wa matumbawe karibu na bahari na kufunikwa kwa paa zito, na kilitumika baada ya 1873, biashara ilipokuwa imepigwa marufuku na watu wakawa wanafichwa mpaka chombo kipate kuondoka kwa siri. Chenyewe kinafunza jambo ambalo vyumba vya Mkunazini haviwezi kulifunza: kwamba mkataba ulitiwa saini na biashara ikaendelea. Lakini Mangapwani ni mbali, na wengi wa wanaofika huko wamefuata ufukwe na chakula cha samaki.

Hata hivyo, soko na mapango siyo kiini cha utumwa wa Unguja. Mtu aliuzwa sokoni siku moja. Baada ya siku hiyo alikwenda wapi? Wengi walipelekwa Pemba, Uarabuni na kwingineko, na wengi walibaki kisiwani humu humu. Na waliobaki walipelekwa shamba.

Mkarafuu si mti wetu. Asili yake ni visiwa vya Maluku. Wafaransa waliuiba kwa Waholanzi katika karne ya 18 wakaupanda Morisi na Bourbon, na kutoka huko ukaletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Aliyeuleta, kwa riwaya inayokubalika zaidi, ni Mwarabu mmoja wa Oman, Saleh bin Haramil al-Abri, naye aliupanda Mtoni na Kizimbani. Seyyid Said alipoona faida yake aliyachukua mashamba hayo na kuwaamrisha wenye ardhi wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi. Wakati huo huo mikataba ya Waingereza, ule wa 1822 na ule wa 1845, ilikuwa ikiwabana wafanyabiashara wasiuze watu nje kama zamani. Mtumwa aliyezuiliwa kusafirishwa akapatiwa kazi hapa hapa. Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu watumwa, viungo na pembe za ndovu, ameionyesha hesabu hiyo vizuri: badala ya kumuuza mtu, ikawa inauzwa jasho lake, limekaushwa na kutiwa magunia.

Na kazi ya karafuu haisubiri. Kikonyo huchumwa kabla ua halijafunguka. Likishafunguka thamani imeondoka. Mti ni mrefu na matawi yake ni mepesi kukatika. Huchumwa vishada kwa vishada, vikapelekwa chini, usiku watu wakakaa kuzichambua karafuu na makonyo yake, kisha zikaanikwa juu ya majamvi siku kadhaa, na wingu likitanda huanuliwa mbio. Katika siku za kawaida desturi ilikuwa mtumwa wa shamba amfanyie bwana wake kazi siku tano, na Alhamisi na Ijumaa alime kijishamba chake cha muhogo. Ukifika msimu siku hizo nazo huliwa. Hakuna alama ya mateso iliyobaki ya kumwonyesha mgeni. Imebaki miti, na hiyo si ile ile ya mwanzo, maana tufani ya Aprili 1872 iling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba, na tangu hapo karafuu nyingi ni za Pemba.

Sasa mfuate mgeni wetu anayekwenda kwenye viungo. Gari linapita Maruhubi, kwenye nguzo za kasri ya Barghash iliyoungua mwaka 1899. Linapita Mtoni, nyumba ya Seyyid Said, alikozaliwa binti yake Salme mwaka 1844, yule aliyeandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Linapanda hadi Kizimbani, mahali pale pale mkarafuu ulipoota mara ya kwanza katika kisiwa hiki. Mgeni hupewa jani alifikiche akisie. Huonyeshwa mzingefuri akapakwa rangi midomoni, kungumanga na basbasi yake nyekundu, iliki, manjano, pilipili manga. Vingi vya hivi havikuwahi kuwa zao kubwa la biashara ya kisiwa, ila vinapendeza. Kijana huparamia mnazi kwa kitanzi miguuni, akiimba, wageni wakapiga makofi. Mkarafuu nao huonyeshwa, dakika mbili, pamoja na maelezo ya dawa ya meno. Neno utumwa halitajwi.

Basi mgeni wetu amelia katika ghala la hospitali, na amecheka shambani.

Sisemi hivi kuwalaumu wanaotembeza wageni, ambao wengi wao ni vijana waliosoma na wenye familia za kulisha. Walisaidiwa na nani? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 makumbusho ya historia yalifunguliwa katika Beit al-Ajaib, na ndani yake mtu aliweza kuuona mfano wa mtepe, na karafuu, na maisha ya watu wa kawaida, yakielezwa na wenyeji wenyewe. Mwaka 2012 sehemu ya jengo iliporomoka na makumbusho yakafungwa. Tarehe 25 Disemba 2020, wakati wa ukarabati, upande mkubwa wa mbele ulianguka pamoja na mnara wake, na wafanyakazi wawili wakafariki. Kilichobaki kwa kijana ni maneno aliyoyasikia kwa mwenzake.

Tena kuna jambo zito zaidi, na hili ni letu sote. Soko la Mkunazini lilikuwa la watu waliokuja na kuondoka. Shamba lilikuwa la watu waliobaki. Amri ya Aprili 1897 iliiondoa hali ya utumwa mbele ya sheria, lakini ilimtaka mtumwa mwenyewe aende mahakamani kuudai uhuru wake, ikawalipa fidia waliommiliki, na ikawaacha masuria nje mpaka 1909. Wengi hawakwenda popote. Walibaki kwenye mashamba yale yale, wakiruhusiwa kulima muhogo na viazi kwa sharti la kupalilia mikarafuu, bila ya ruhusa ya kupanda mti wao wenyewe, kwani mti ni milki. Watoto wao walizaliwa hapo, wakajiita Waswahili, wakajiita Washirazi, wakaoana na majirani. Hakuna anayependa kusimama mbele ya mgeni na kusema kuwa bibi yangu alinunuliwa. Nami siwezi kumtaka mtu aseme hivyo. Chumba cha Mkunazini kinatupunguzia mzigo huo: kinaufanya utumwa uwe ni jambo la watu wengine, waliopita kwa siku mbili tatu wakapakiwa majahazini.

Lakini anaweza kuyasema mengine bila ya kumtaja bibi wa mtu. Anaweza, pale Kizimbani, baada ya mdalasini na kabla ya kofia, kuwakusanya wageni wake chini ya mkarafuu mmoja, awaambie waangalie juu mpaka ncha, awaeleze kishada kilivyokuwa kikiteremshwa na nani aliyekuwa akikingoja chini, usiku ulikuwa na saa ngapi, na siku ya Alhamisi ilikuwa na maana gani. Kisha awaonyeshe muhogo ulioota pembeni.