SHAMBA LA PAKA LILILOLIWA NA WASIMAMIZI



Ndugu yangu unayejitolea kwenye nyumba ya kutunzia paka wasio na wenyewe, unayeamka mapema kuosha vibakuli na kuzoa uchafu wao, najua umeshaambiwa: "Watu wana njaa, wewe unalisha paka!" Leo nikupe kisa cha Misri.

Sultani Dhahir Baybars alitawala Misri na Sham kuanzia 1260 hadi 1277. Ni miongoni mwa waliowavunja Wamongolia pale Ain Jalut. Mtu wa upanga khasa. Lakini inasimuliwa kuwa aliacha bustani karibu na msikiti wake, kaskazini mwa Cairo, iwe wakfu kwa ajili ya paka. Ikaitwa Ghayt al-Quttah, shamba la paka. Usishangae. Waislamu walishasikia kwa Mtume (s.a.w.) habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Wameipokea Bukhari na Muslim.

Na Cairo hiyohiyo ilikuwa na wakfu za hospitali, madrasa na maji ya kunywa. Paka hawakumnyima mtu tonge lake.

Sasa, mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Asili inabaki, faida ndiyo inayotumika. Lakini zaidi ya miaka 500 baadaye, Mwingereza Edward William Lane aliishi Cairo, na katika kitabu chake cha 1836 akaeleza alichokikuta: bustani imeuzwa, ikauzwa tena na tena. Wasimamizi walidai imechakaa, haizalishi bila gharama kubwa. (Kisingizio hiki hata huku kwetu tunakijua.) Kilichobaki kwa paka ni kodi ya piasta 15 tu kwa mwaka.

Mzigo ukamwangukia kadhi, kwa kuwa yeye kwa cheo chake ndiye mlezi wa wakfu zote. Waliomtangulia walizembea, yeye akalipa. Kila alasiri yaliletwa matumbo ya wanyama kwenye ua mkubwa wa mahakama, paka wakaitwa wakala. Hata hilo, asema Lane, mwishoni likawa linafanywa nusunusu.

Na watu wa mjini? Aliyemchoka paka wake alimpeleka ua wa kadhi, akamwachia humo, akaenda zake. Wewe unawajua hao. Kwako huwaacha mlangoni, ndani ya boksi, kabla hakujapambazuka.